Gede si mawe matupu

Mhariri,

Katika ukurasa huu wa barua nilisoma maoni ya msomaji mwenzangu aliyewashauri viongozi wa vikundi wasipoteze muda mwingi Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Alisema pale ni mawe matupu: mkishaingia, mkapiga picha kwenye lango la kasri, saa moja imetosha, pandeni basi mwende ufukweni Watamu. Aliandika kwa adabu na simlaumu, maana bila shaka ndivyo alivyotembezwa. Lakini nimeona nisinyamaze. Shule, vyama vya akina mama, misikiti na makanisa hupeleka watu wao kule kila likizo, na ushauri huo ukifuatwa, wengi watafika Gede na kuondoka hawajaiona.

Mimi ni fundi wa mawe na chokaa. Nimefanya kazi katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa tangu nikiwa kijana wa kuchota maji na kukoroga chokaa, hadi magoti yalipokataa kupanda jukwaa. Likizo iliyopita kikundi cha mtaa wetu kilifunga safari: wazee wenzangu, akina mama wa chama na vikapu vyao, na wajukuu wa kila umri. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukavuka daraja la Kilifi, tukafuata barabara ya Malindi inayopita ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke mpaka tukakunja kulia kwenye njia ya Watamu.

Kijana aliyetuongoza aliijua kazi yake. Alitueleza kuwa mji huu ulistawi hasa katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na kwamba Wareno walikaa Malindi, jirani kabisa, kwa takriban miaka mia moja bila kuandika lolote kuhusu mji uitwao Gede. Akatuonyesha kaburi lililochorwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399, na akina mama wakasimama hapo wakasoma Fatiha. Akatupeleka msikiti mkuu, tukaona mkuki uliochongwa juu ya mlango mmoja. Kisha tukaingia kasri.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwa macho ya kazi. Kasri halina paa tena, lakini kuta zinasema yote kwa mtu anayezijua. Kuna vidaka vya kuwekea taa. Kuna matundu ya vigingi vilivyotundikiwa mazulia. Kuna chumba cha hazina kisicho na mlango, ambacho mtu alilazimika kukiingilia kwa tundu la juu ukutani. Kuna vyoo vyenye mahali pa kutawadhia, vimesakafiwa kwa ustadi ambao mimi ningejivunia leo. Nilipitisha kiganja kwenye lipu iliyobaki kwenye kona moja nikasikia ulaini wa chokaa iliyopigwa kwa subira, siku baada ya siku, mpaka ikakaza.

Mjukuu wa jirani yangu alisimama katika chumba kimoja akaniuliza, "Babu, mfalme gani analala kwenye ujia?" Swali zuri sana. Vyumba vile ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni kama mita mbili na nusu tu. Nikamwambia atazame juu, pale dari ilipokuwa. Dari ya nyumba kama hizi ilikuwa ya vipande vya mawe vilivyopangwa juu ya boriti za mkoko, kisha zege nene ya chokaa juu yake. Boriti ya mkoko ikizidi urefu huo inapinda chini ya mzigo. Kwa hiyo aliyepima chumba cha mfalme hakuwa mfalme wala fundi wake, ni mti. Mfalme angeweza kurefusha chumba apendavyo, ila kukipanua hawezi, kwa sababu mkoko haukukubali. Na mikoko ya hori la Mida haiko mbali na pale.

Nikaendelea, maana nilishaulizwa. Jiwe la ukuta wenyewe ni tumbawe la kale lililochimbwa nchi kavu. Palipotakiwa nakshi, kama kwenye kibla cha msikiti na kwenye miimo ya milango, walitumia tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa sababu likiwa na unyevu linachongeka, na likikauka linakuwa gumu. Na chokaa inayoshika vyote hivyo ni tumbawe hilohilo lililochomwa. Tanuu ya chokaa ni chungu ya magogo, mawe hupangwa juu, ikatiwa moto ikawaka siku nzima na usiku wake. Kisha mawe yaliyoiva humwagiwa maji, huachwa yapoe na kukomaa. Nimechoma chokaa kwa njia hiyo ujanani, na ninajua inavyokula kuni. Hebu fikirieni msikiti mkuu na ile misikiti mingine midogo, kasri, makaburi ya nguzo, nyumba za matajiri na kuta mbili za mji: ni magogo mangapi yaliteketea ili kupata chokaa ya kazi yote hiyo? Hakuna nyumba Gede isiyotoka msituni.

Hayo nayasema ili msomaji aelewe kwa nini niliumia pale muda ulipotangazwa kuwa umekwisha. Aliyepanga safari yetu, kijana mwenye nia njema, alikuwa ameweka ratiba kama ile ya msomaji mwenzangu: kasri, picha, basi, bahari. Watu wakaanza kuelekea getini. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, mwenye mkongojo, akamshika mkono kijana wetu akamwambia, "Mwanangu, bahari hata Mombasa ipo. Mimi nipeleke huko kwenye miti." Baadhi yetu tukabaki naye. Wengine wakaenda kungoja kwenye basi, na mpaka leo wanatuuliza tulikwenda kuona nini.

Tulikwenda kuona mji. Msomaji mwenzangu anaposema mawe matupu, anazungumzia ile sehemu iliyosafishwa na kuchimbuliwa karibu na lango. Ukuta wa nje wa Gede umezunguka eneo la hekta 18 hivi. Sehemu kubwa ya eneo hilo haijachimbuliwa, imo chini ya miti, na njia ya msituni inapita humo. Ukiifuata, hatua chache tu baada ya kuacha uwanja wa kasri, joto linapungua na sauti za watu zinapotea. Unakanyaga majani makavu. Miti mingine imenyooka na shina lake jeupe halina tawi mpaka juu kabisa. Mwongozaji wetu alituambia ni mfune. Mibuyu ipo, mikwaju ipo. Halafu, bila kutarajia, unakuta rundo la kifusi katikati ya miti, na ukiwa na jicho la fundi unaona kona ya nyumba, unaona msingi unavyokwenda, unaona palipokuwa mlango. Niliwaonyesha watoto kona ya kwanza. Baada ya hapo wao ndio walionionyesha mimi. Walikuwa wanakimbilia kila tuta wakiita, "Fundi, hii ni nyumba?" Na mara nyingi ilikuwa.

Lakini kuna nyumba ambazo hata fundi hazioni, na hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Nyumba za mawe za Gede zilikuwa za wenye mali. Zile zilizofukuliwa zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: ya mkasi, ya kauri, ya sanduku la pembe, ya sarafu za Kichina. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo na makuti, nyingi zikiwa upande wa nje, kati ya kuta mbili za mji. Udongo umerudi kuwa udongo, makuti yameoza, na juu yake umeota msitu. Nani alikaa katika nyumba hizo? Mvuvi, msukaji mikeka, mchota maji, mpagazi aliyebeba mawe ya msikiti, mchoma chokaa. Watu wa kazi yangu walikaa hapo. Mgeni anayeishia kwenye kasri amewatembelea matajiri wa Gede peke yao. Anayetaka kuwatembelea wengine hana pa kwenda ila msituni, akasimama kwenye majani akajua kwamba hapa palikuwa na jiko, hapa palikuwa na watoto. Niliwaambia wajukuu wetu maneno hayo pale pale, na wakanyamaza bila kuambiwa wanyamaze.

Tukafika kwenye ukuta wa nje. Mtu aliyeuona ukuta wa kasri kwanza atashangaa jinsi huu ulivyo tofauti. Umejengwa bila madaha, mawe yamewekwa na watu waliokuwa na haraka au wasiokuwa na fedha, sijui lipi, lakini umesimama. Penye sehemu moja mti umeota juu ya ukuta wenyewe, ukateremsha mizizi pande mbili mpaka ardhini. Wenzangu walidhani mti ule umebomoa ukuta. Kweli umeupasua, na pia ndio unaoushikilia. Ukimwambia mtu asiyejua aung'oe, ukuta utakuja nao. Kazi kama hiyo inataka fundi anayekata mzizi kidogo kidogo na kujaza nyuma yake kwa chokaa. Nasema chokaa, si saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu. Ukiziba nayo ukuta wa aina hii, maji yanakwama ndani na jiwe linaoza nyuma ya kiraka. Kama kuna vijana wanaosoma barua hii na wanaotafuta ufundi wa kushika, pwani yetu ina kuta za namna hii kutoka Lamu mpaka Vanga, na wanaojua kuzitengeneza tumezeeka.

Wanyama nao. Mwongozaji wetu alituomba tusimame tusiseme kitu, na watoto wakatii kuliko wazee. Baada ya muda tukasikia majani yakikwaruzwa, kisha akatoka njule: mnyama mdogo mwenye miguu myembamba na pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, na makalio yake ya rangi ya dhahabu. Njule wa aina hiyo anaishi katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na si mahali pengine popote duniani. Hulala katika kiota cha majani anachokipanga juu ya ardhi ya msitu, kwa hiyo majani yale makavu ambayo mtu angetamani yafagiliwe ndiyo nyumba yake na ndiyo ghala yake ya chakula, maana wadudu anaowala wamo humo. Juu ya miti hondohondo walikuwa wakipita na kelele zao. Kwenye uwanja wa kasri hatukuwaona hao wote. Tuliwaona kima tu, waliozoea vikapu.

Kuna swali moja ambalo msomaji mwenzangu hakujiuliza: kwa nini msitu huu bado upo? Toka nje ya geti utazame. Ni mashamba, ni maduka, ni nyumba, pande zote. Arabuko-Sokoke wenyewe, kama kilomita za mraba 420, umebaki kama kisiwa. Kipande hiki cha Gede kimesalia kwa sababu ya mawe yale yale yanayoitwa matupu. Serikali ya kikoloni iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na tangu hapo miti iliyo ndani ya eneo hilo ikapata kinga. Mwanaakiolojia James Kirkman alipokuja kuchimbua kati ya 1948 na 1958 aliikuta miti imeumeza mji. Na kabla ya sheria yoyote kuandikwa, Wagiriama waliokuwa majirani wa pale walipaheshimu. Waliamini mahali hapo pana wenyewe, na kwamba mtu hachukui jiwe wala hakati mti kwa ubishi. Ni heshima ya aina ile ile iliyolinda misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008. Gede yenyewe iliingizwa mwaka 2024. Kwa hiyo msitu ulitoa nyumba, na nyumba zilipokufa zikaulinda msitu. Ukimpeleka mtoto kwenye kimoja ukamwacha asione cha pili, umempa nusu ya habari.

Pale karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo pia, ulioanzishwa mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo wa msituni, na pupa wao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, huuzwa kwa mabustani ya maonyesho ng'ambo. Maana yake mti uliosimama unamletea mkulima fedha bila kukatwa. Akina mama wa chama chetu walikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, wakiuliza maswali ya watu wenye hesabu zao vichwani. Ratiba ya saa moja isingewapa nafasi hiyo.

Sasa nawaambia wenzangu wanaopanga safari hizi, kwa yale tuliyoyaona wenyewe.

Anzeni na msitu asubuhi, kungali na baridi, na kasri lifuate. Mkifanya hivyo wazee hawachoki mapema na wanyama bado wanatembea. Pia macho yanakuwa yameshazoea kutafuta mawe ndani ya majani, kwa hiyo mkifika kasri mnalielewa upesi. Gawanyeni kikundi. Basi zima likiingia msituni kwa pamoja haliwezi kusikia chochote zaidi ya miguu yake. Ulizeni mapema mpewe mwongozaji anayeijua miti, na mwambieni mna wazee, ili achague mwendo na mahali pa kupumzikia. Bi mkubwa wetu mwenye mkongojo alimaliza njia, kwa sababu hakuna aliyemharakisha. Vaeni viatu vya kufunika vidole, maana njia ina mizizi na mawe, na maji ya kunywa kila mtu abebe yake.

Chakula acheni kwenye basi. Nilimwona mtoto wa kikundi kingine akimpa kima ndizi huku mwalimu wake akipiga picha. Kima anayelishwa na watu hujifunza kunyang'anya, na siku atakapomng'ata mtoto atakayelaumiwa ni yeye. Na tafadhali, msipande juu ya kuta. Nawasihi kama mtu aliyezijenga na kuzitengeneza za aina yake. Sehemu ya juu ya ukuta wa tumbawe ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu ndipo mvua inapoingilia. Jiwe moja likitikisika pale, maji ya masika yanateremka ndani, na baada ya miaka michache ubavu mzima unamwagika. Picha inapigika vizuri tu mkisimama chini.

Walimu wakuu ningewaomba jambo la ziada. Mkiwarudisha watoto darasani, msiwaulize tu mwaka gani mji ulihamwa na nani aliuchimbua. Waulizeni kwa nini vyumba ni vyembamba. Waulizeni kuni za chokaa zilitoka wapi, na kwa nini kisima cha msikiti mkuu ilibidi kichimbwe chini zaidi. Wanachuoni wanahesabu kupungua kwa maji kuwa miongoni mwa sababu za watu kuhama, pamoja na vita na mashambulizi ya wakati ule. Mtoto wa leo anayeona visima vya kwao vikikauka ana haki ya kulifikiria hilo akiwa amesimama ukingoni mwa kisima cha Gede, akitazama chini.

Kikundi chetu kinarudi masika yakiisha, wakati ambapo vipepeo huwa wengi. Wale waliongoja kwenye basi ndio wa kwanza kujiandikisha. Safari hii ratiba nimeiandika mimi: msitu asubuhi, kasri adhuhuri ikikaribia, jumba la makumbusho na Kipepeo baada ya chakula. Ufukwe haumo. Msomaji mwenzangu akipenda kufuatana nasi, nafasi ipo, nami nitamwonyesha ile kona ya kwanza.

Fundi mstaafu wa mawe na chokaa,
Mombasa